Kopo la Vifungo

Jumatatu, 4 Machi

Mhariri anataka kipindi cha redio kuhusu vidonge vya kujikinga na VVU. Kichwa ameshakiandika hata kabla sijatoka: "Kidonge cha Ufuska?" Nikamuuliza hiyo alama ya kuuliza ya nini. Ya kutulinda na mawakili, kasema. Chumba kizima kicheko. Tukakubaliana: hewani Jumatano ijayo, na kichwa nitakibadili nikileta sauti ya mmezaji halisi wa vidonge hivyo. Siyo mtaalamu.

Jumanne, 5 Machi

Kliniki. Sista wa zamu ana sauti ya kengele — akiita namba ya foleni, barabarani wanageuka. Kanifungulia rejesta, majina kayafunika kwa bahasha. Wamezaji sitini na mmoja. Walioacha kondomu? Tisa wamekiri, na amewaambia kidonge hakizuii kaswende wala mimba. Lakini boksi la kondomu pale ukutani, lililokuwa likikaa mwezi, siku hizi linaisha kwa wiki. Wanakuja kila miezi mitatu, wanapimwa, wanauliza maswali. Zamani walikuja wakishaumwa.

Nimeandika tisa. Nimeandika na boksi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimempata mmezaji: mshonaji. Chumba kimoja, cherehani mbili, vipande vya vitambaa hadi mlangoni. Mumewe dereva wa lori: wiki tatu safarini, siku nne nyumbani. Vidonge anavificha kwenye kopo la vifungo. "Kopo la vifungo likipiga kelele, dada, nani atashtuka?" Nimecheka — mimi, kazini!

Zamani mume akirudi, yeye alikuwa anafumba macho na kumwomba Mungu. Tangu aanze vidonge, mdomo umefunguka. Kamwambia: kondomu mpaka upime. Mume akadhani utani. Hajapima. Habari za vidonge hajui.

Kurekodiwa kakataa. Madereva wote wanasikiliza redio yetu, na mume anamjua hata akikohoa. Nikasema tunaweza kuigeuza sauti. Hapana: akiongea ataongea kwa sauti yake, au anyamaze. Sikumbembeleza.

Jumapili, 10 Machi

Saa nne asubuhi, simu ya mshonaji. Mume kadondosha kifungo cha shati. Miaka kumi na miwili ya ndoa hajagusa sindano — leo akaamua kujishonea!

Kamwaga kopo mezani, vidonge vikatoka na vifungo. Kauliza: Umeanza kuumwa lini, na nani kakupa? Mshonaji yakamtoka yote. Siumwi. Nameza nisiumwe. Na wa kuniletea ni wewe tu, baba watoto, sina mwingine.

Mume kachukua ufunguo wa lori, kaondoka. Shati halina kifungo.

Nikamuuliza kama kapigwa. Hapana. Dada yake yuko naye. Kisha: "Niite redioni. Sasa namficha nani?" Nikamwambia alale kwanza, kesho nitauliza tena.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeuliza tena. Jibu lilelile, sauti juu zaidi. Anataka moja kwa moja, siyo kurekodiwa.

Jumatano, 13 Machi

Naandika wakati wa tangazo la sabuni.

Kichwa kipya: "Kidonge Kilichofungua Mdomo." Mhariri kafuta chake kwa mkono wake mwenyewe! Mshonaji kaja na kopo, kalitikisa hewani. Simu hazikatiki. Wanawake wawili wameuliza kliniki inafunguliwa saa ngapi. Mzee mmoja kaita hayo uchafu. Mshonaji: "Shikamoo, baba. Wewe umepima lini?" Laini ikakatika. Mhariri alikuwa anajifuta machozi ya kicheko nyuma ya kioo.

Sasa fundi mitambo kanyoosha vidole vitatu. Laini ya tatu: dereva. Anasema ni mume wa mshonaji. Hataki mtangazaji, anamtaka mkewe. Nikamuuliza hewani au pembeni. Hewani, wenzangu wasikie. Uko barabarani? Lori nimeegesha, kasema.

Nyuma yake ile sauti ya kengele, ikiita namba: "Thelathini na saba!"

Sijamwambia mshonaji nilichosikia. Nimemwambia tu ni nani, na kwamba anaweza kukataa. Kavaa vifaa vya masikioni. Kavuta maikrofoni. Sekunde kumi turudi hewani —