Madirisha ya Bwana Akiba

Jumatatu, 3 Machi

Leo wameziba madirisha. Yote! Ghorofa yetu nzima, kuanzia meza yangu ya mapokezi hadi chumba cha kujibu simu za wateja anakokaa Wifi, mke wa kaka yangu. Fundi kapita na silikoni yake, anapaka kingo kama anayepamba keki. Nikamuuliza hewa itapitia wapi. Akasema kaambiwa azibe, anaziba.

Meneja — Bwana Akiba, ndivyo tunavyomwita akitupa mgongo — akatukusanya. Kuna tuzo ya jengo linalobana matumizi ya umeme kuliko yote. Kila anayefungua dirisha, eti anaiibia kampuni baridi ya kiyoyozi. Halafu akangoja makofi. Tukapiga.

Kiyoyozi chenyewe vichujio havijaoshwa tangu niajiriwe. Hilo halina tuzo.

Jumatano, 5 Machi

Kichwa kinagonga. Macho yanawasha. Zulia jipya linanuka gundi, na feni za kutoa hewa chafu zimezimwa, eti zinakula umeme bure. Mchana chumba cha simu kizima kinapiga miayo, hadi wateja wanasikia. Na ofisini kwa Bwana Akiba? Baridi mpaka anavaa koti. Koti! Nimempelekea chai, nimerudi na mafua.

Wifi katoka nje mara mbili kutafuta pumzi. Ana pumu, kila mtu anajua. Bwana Akiba kamwambia mbele ya watu kwamba simu hazijibiwi uwanjani, na akitoka tena saa za kazi asirudi. Wifi akasema sawa, bosi. Damu ilinichemka. Kaka hana kazi tangu kiwanda chao kifungwe. Wifi akimwaga unga, wale watoto watakula nini?

Ijumaa, 7 Machi

Kumeletwa kipima hewa. Kisanduku cheupe chenye taa: kijani ni nzuri, nyekundu ni mbaya. Kikawekwa chumba cha simu. Kabla ya chai, nyekundu! Akiba akakitikisa. Akakipuliza — akakipulizia pumzi yake mwenyewe! Bado nyekundu. Hitimisho la msomi wetu: watu ndio wanaokivuruga, wanapumua karibu nacho mno.

Sasa kiko stoo, kwenye rafu ya karatasi. Kijani tangu mchana. Karatasi zetu zina afya njema, hongera zao.

Jumatatu, 10 Machi

Kijani. Akiba anakwenda kukichungulia kama mwenye mtoto mchanga.

Wifi hakulala, kifua. Kaka akaniomba niseme na bosi. Nimesema. Kanijibu ugonjwa ni wa mtu, jengo halina kosa. Nikarudi mapokezi nikawachekea wateja mpaka mashavu yakauma. Nimejichukia.

Alhamisi, 13 Machi

Naandika nikiwa kikaoni, chumba cha simu. Wanadhani ni muhtasari.

Mkaguzi wa tuzo kaja, mama mmoja asiye na maneno mengi. Kapelekwa stoo kuonyeshwa taa ya kijani. Kauliza nani anakaa humu. Akiba akaanza kupanga karatasi za rafuni. Basi akaomba kikao kifanyike wanakokaa watu. Akiba angekwepea wapi? Sote ndani, mlango umefungwa ili baridi isitoroke.

Baridi gani! Kiyoyozi kinakohoa tu. Akiba anajipiga kifua kuhusu bili ya umeme, jasho linamtiririka. Amezoea koti lake, masikini. Mkaguzi anajipepea kwa bahasha. Akiba kasema hewa nzito leo, labda mvua. Nje jua kali.

Ameenda dirishani. Anasukuma. Anasukuma kwa bega! Hakuna anayemsaidia, hata fundi, aliyeegemea ukuta akikagua kucha zake. Mkaguzi anaandika kitu.

Kifua cha Wifi kinapiga filimbi, nakisikia toka huku. Kavua spika za masikioni. Ameinuka. Akiba, bega bado liko kwenye kioo, anamwambia kaa chini dada, hatujamaliza. Hakukaa. Kapita mbele ya mkaguzi, kapita mbele ya Akiba, kafungua mlango na kuuwekea kiti usijifunge. Katoka.

Watu wa simu wanatazamana. Mmoja kainuka. Wa pili naye. Akiba ananigeukia mimi, anasema we dada wa mapokezi, nenda kafunge huo mlango.

Kalamu ingali mkononi. Wote wananitazama, na mkaguzi pia. Nasimama, ila si kufunga mlango.