Ujumbe Niliosahau Kuufuta

Jumapili, alasiri. Joto limekaa Gongoni tangu asubuhi, na feni yangu inazungusha hewa ile ile ya moto. Sijaenda kanisani. Ningekutana na Nyamizi.

Blogu hii haina jina langu, kwa hiyo leo nasema ukweli.

Kazi yangu na Nyamizi ni kupanga jumbe za simu kwa wafugaji: chanjo ya ng'ombe lini, josho gani, saa ngapi. Unaandika, unaweka siku na saa, mfumo unatuma wenyewe. Wiki tatu zilizopita Nyamizi alifiwa na mama yake, akaenda kuzika Nzega. Akaniachia nywila yake, kama tunavyoachiana sote pale ofisini, ili kazi isilale. Kwenye karatasi aliandika pia: tarehe ikibadilika, futa na ujumbe wa kukumbusha.

Tarehe ilibadilika. Dawa ilichelewa, chanjo ya wafugaji wa Ziba ikasogezwa kutoka Jumatano hadi Ijumaa. Nikaingia kwa jina lake, nikapanga ujumbe mpya uende Jumatatu. Ule wa kukumbusha, aliokuwa ameupanga zamani uende Jumanne, nikausahau. Basi Jumatatu watu wakaambiwa Ijumaa, Jumanne wakakumbushwa kwamba ni kesho. Wakafuata wa mwisho.

Walifika joshoni na ng'ombe wao, hakuna daktari, hakuna tone la maji. Ndama wanne walikufa wakirudishwa. Mzee mmoja alinipigia. Nilimwamkia, akaitikia marahaba kwa upole kabisa, halafu akaniuliza, "Mwanangu, nyie mnatuchezea?"

Meneja aliniagiza nichunguze. Jibu nilikuwa nalo kabla sijakaa: jumbe mbili zinazopingana, mtumiaji mmoja, Nyamizi. Nikamwonyesha.

"Analia huku anapanga kazi kwa simu," meneja akasema. "Ungetegemea nini?"

Sikumjibu. Mpaka hapo ulikuwa woga tu, na woga ninao tangu utotoni.

Lililo baya lilikuja juzi. Nyamizi alinifuata mezani, bado amejifunga kitambaa cheusi kichwani. "Kaka, ile ya Ziba si ulibadilisha wewe?"

Nikamwangalia usoni, nikamwambia nilipoingia nilikuta ameshabadilisha mwenyewe.

Niliona anatafuta kichwani mwake, anatafuta kweli. "Labda," akasema. "Siku zile hata nilichokula sikumbuki. Nisamehe kaka, nimekuingiza kwenye matatizo."

Nikamsamehe.

Nilijisikia vizuri. Naandika haya nikijichukia, lakini ndivyo ilivyokuwa: kifua kililegea, nikaenda kula wali maharage, nikamaliza sahani.

Kesho saa tatu uongozi unakaa kuamua kama anafukuzwa. Ana watoto wawili, na sasa wadogo zake watatu alioachiwa na mama. Wanasubiri ripoti yangu. Nimeiandika kurasa mbili, jina lake limo karibu kila aya. Nimeipanga iende yenyewe saa mbili asubuhi, nisije nikashindwa kuituma kwa mkono wangu.

Naweza kuifuta. Ni kubonyeza mara moja tu.

Nimefungua ratiba, nimeikagua mara tatu. Safari hii hakuna ujumbe unaogongana na mwingine.