Mliokipiga Lipu Chumba cha Babu

Nani aliwatuma kuupaka simenti ukuta wa udongo? Meshaki, wewe na dada yako Yusta, msiniambie mlitaka kunifurahisha. Ukuta wa tembe unapumua. Mmeuziba pua, ukanywa maji ndani kwa ndani, na juzi mvua ya kwanza ilipopiga ukalala chini pamoja na paa lake la udongo. Sasa mnanitumia picha na pole nyingi.

Leo Jumapili. Hapa Miyuji mawingu yametanda tangu asubuhi na kanisani sikwenda. Naandika kwa kidole kimoja kwenye hii blogu aliyonifungulia Yusta mwenyewe. Wanaosoma na wasome, maana hawa wajukuu wangu hawajui walichoangusha.

Wameangusha chumba cha babu.

Bibi Nyemo, aliyemzaa mama yangu, alikuwa mjenzi kule Mlali wakati wa Mdachi. Siku hizo mwanaume ndiye anapima nyumba na kukata nguzo. Mwanamke achote maji, akanyage udongo, apake, basi. Bibi alipaka nyumba za watu tangu msichana, na alijua paa litavujia wapi hata kabla halijawekwa. Akisema, anaambiwa anyamaze.

Akaolewa na mtu asiyeona aibu kumsikiliza. Wakawa wanafanya hivi: babu anashika kamba ya kupimia mbele ya watu, bibi anapita na mtungi kichwani. Kigingi kikiwa mahali pabaya, anakipiga teke kama aliyejikwaa. Babu anakisogeza. Watu wakamsifu babu kuwa ni fundi hasa, ila kaoa mwanamke mzembe asiyeangalia anapokanyaga.

Bibi ndiye aliyeanza kuyainamisha yale mapaa bapa kidogo kuelekea nyuma. Kwa macho huoni. Maji yanaona.

Niliwahi kumwuliza, "Bibi, hukuumia kusifiwa mwingine?"

"Niumie nini? Nyumba zilikuwa zinasimama."

Lakini alijibu akitazama pembeni.

Kisha vita vya Wadachi na Waingereza vikafika. Babu akakamatwa njiani akabebeshwa mizigo ya askari. Alikuwa ameanza nyumba yao wenyewe. Nguzo ya kati, yenye panda juu, alishaikata kwa shoka lake, imelala uani inangoja.

Hakurudi. Hakuna aliyeleta hata habari ya alikozikwa.

Bibi akangoja mpaka mtama ukavunwa. Halafu akashika kamba mwenyewe, mchana, watu wote wanaona. Shemeji zake wakasema, "Huyu msiba umemharibu akili." Akawaambia, "Shemeji, shika huku. Vuta." Wakavuta. Akaisimamisha ile nguzo, akajenga chumba kuizunguka.

Ndipo wanawake wengine ambao waume zao walichukuliwa wakaanza kumwita. Akajengea huyu, akajengea yule, mpaka ng'ambo ya vilima wakasikia kuna mama anapima tembe. Wakamwita fundi. Lakini jina hilo alilipata kwa kuwa babu hakuwepo tena wa kusimama mbele yake, na kila aliyemwita fundi alikuwa anamkumbusha.

Sijui kama hiyo ni sifa.

Kila mwaka kabla ya mvua, wanawake wa nyumba ile tulilipaka paa udongo mpya. Mimi nilipandishwa juu kwa sababu nilikuwa mtoto, mwepesi. Nikishuka, bibi ananiosha mikono, ananipeleka kwenye nguzo, ananiwekea kiganja juu ya alama za shoka. "Msalimie babu yako." Nasema shikamoo babu. Bibi anaitikia marahaba kwa niaba yake.

Babu hakuwa na kaburi lingine.

Nyumba yote iliisha kidogo kidogo, kikabaki kile chumba. Mwaka huu magoti yalinikatalia kwenda, nikawatuma ninyi mkapake udongo. Mkapiga lipu. Yusta akanipigia simu kwa furaha: "Bibi, sasa hutasumbuka tena kila mwaka."

Nani alikwambia nilikuwa nasumbuka?

Nimelia tangu juzi. Nimelia kama mtu aliyepokea habari ya msiba leo, na huyo marehemu amekufa kabla mama yangu hajajua kutembea.

Kwenye picha naona kifusi tu. Nguzo iko humo chini, imelowa, na mchwa wa Mlali hawana huruma. Kwa hiyo acheni kunitumia pole. Kesho kukipambazuka mnichukue hapa twende. Meshaki, kifusi utakiondoa kwa mikono, nisione sepetu karibu na nguzo ile. Yusta, utavua viatu ukanyage udongo, mimi nitakaa kwenye kigoda nikuonyeshe. Kamba nitashika mimi.

Na nguzo ikitokea, mtu asiinyanyue kabla hamjaweka viganja mkamsalimia babu yenu. Nitawaitikia mimi.