Nilikusalimia kwa Mkono wa Kushoto

Katesh

Shikamoo, baba Margwe.

Huku maharage yamechanua, ila mimi silali. Umemkatalia binti yako Fransiska kuolewa nami kwa sababu nilikusalimia kwa mkono wa kushoto. Haikuwa dharau, baba. Tangu jiwe liniponde nikiondoa tope la maporomoko Jorodom, mkono wa kulia unawaka hata ukiguswa na shati. Niliona aibu kusema mbele ya wazee.

Juzi daktari alinichoma sindano ya ganzi shingoni, kwenye mishipa ya fahamu. Maumivu yakakata, nikalia.

“Usikimbilie kubeba zege,” akanitania.

Leo moto umerudi. Jumatatu nachomwa tena. Nitapakiwa kwenye pikipiki mpaka kwako Maretadu kabla ganzi haijaisha. Mkono utakuwa umelegea, kwa hiyo nitauinua kwa ule wa kushoto. Naomba uupokee.

Mimi, Onesphory