Talaka na Gari kwenye Karatasi Moja

Umutoni wewe! Niko Gahanga kwenye posa ya Joselyne, Clovis ndiye anayeposa, nimecheka mpaka machozi!

Daphrose kaingia. Yule mke Clovis aliyeachana naye Bujumbura! Ana hukumu ya talaka mkononi, inasema gari ni lake. Na gari lenyewe ndilo Clovis kaja nalo, liko nje, limepambwa maua!

Clovis na kiburi chake: "Hukumu ya Burundi hapa Kigali haina nguvu. Ni ya kufungia sambusa!"

SAMBUSA, Umutoni!

Mjomba wa Joselyne kamuuliza taratibu: "Na talaka, mkwe, si iko kwenye hukumu hiyohiyo? Basi bado una mke. Hapa umekuja kuposa nini?"

Clovis katoa funguo mwenyewe, mbiombio.

Posa imekubaliwa. Daphrose kaondoka na maua yote, anapiga honi. Mchumba na suti yake nyeupe anabembeleza mwenye pikipiki ampeleke nyumbani.