Piga Kula

Butiama,
S.L.P. Musoma.
16 Novemba 1975

Mpendwa Baba mdogo Makongoro,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nyumbani, nimekalia kile kigoda chako chenye mguu mbovu, ambacho Mama hataki kitupwe eti mwenyewe atarudi kukitengeneza. Hujambo lakini? Mama mdogo naye anaendeleaje na joto la Tanga? Na kifua chako? Ulisema umepona, ila mwandiko wako ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo Mama hakusadiki. Tafadhali tuambie ukweli. Sisi huku ni wazima. Mama anakohoa kidogo asubuhi kwa ajili ya moshi, Silasi mdogo wangu amenenepa tangu aanze kuchukua dagaa ziwani Mwigobero na kuwauza vijijini, nami ni mzima kabisa. Mungu ametutunza.

Nimefika Alhamisi kwa mapumziko mafupi ya chuo. Gari lilinishusha kwenye balabala kuu, nikajitwika sanduku na kutembea sehemu iliyobaki. Mvua imeanza vizuri, mashamba yamelimwa, na watu wana uso wa matumaini. Tangu tuhamie kwenye kijiji kipya, nyumba zote zimesimama kwa mstari kama wanafunzi paredi. Tatizo ni kuku wa Mama. Hawajui mstari, wanalala kwa jirani, na kila jioni Mama anazunguka nyumba kwa nyumba kuwakusanya. Analalamika sana, lakini nimegundua kwamba huko ndiko anakopata habari zote za kijiji.

Ahsante sana kwa khanga mlizotuma na yule kijana wa reli. Mama amefurahi kupita kiasi. Ila Mama mdogo nina neno naye. Ile khanga ya kwanza, ya mwaka juzi, nyekundu yenye maua, ambayo Mama amekuwa akiivaa kanisani kila Jumapili, mliichagua kwa rangi au kwa maneno? Maana mwaka huu Mama ameanza kusoma, kama nitakavyokueleza, na siku moja akaifuata ile mistari herufi kwa herufi kwa kidole. Alipomaliza akacheka mpaka akajishika mbavu. Kumbe miaka miwili alikuwa anamwambia mke wa mwinjilisti aache wivu na ajitafutie mume wake! Sasa khanga hiyo ni ya kupikia tu.

Nije kwenye jambo uliloniuliza, kama nimejiondoa kwenye darasa la Kiswahili au bado. Najua nilikuandikia mwezi wa tisa kwa mkato, nikasema tu kwamba nimechoka na somo hilo na nataka kuhamia Maarifa ya Nyumbani. Sikukueleza sababu kwa kuwa nilikuwa naona aibu. Leo nakueleza yote.

Chuoni kila mmoja wetu huchagua somo moja la kulikazia, na hilo ndilo atakalofundisha zaidi akimaliza. Mimi nilichagua Kiswahili, na chanzo chake ni wewe. Marehemu Baba alipokuwa hai, barua yako ikifika, msomaji alikuwa ni mimi. Nilisimama mlangoni penye mwanga, jirani wanakaa chini, nami nasoma habari za meli za Tanga na za bosi wako mwenye hasira. Nilikuwa darasa la tatu na nilijiona mtangazaji wa redio. Hakuna aliyenicheka, maana wasikilizaji wote walikuwa na ulimi kama wangu.

Unaujua ulimi wetu. Lugha ya nyumbani haina l na r zote mbili, ina moja tu, na mtu akitoka hapo akaenda shule anazichanganya mpaka uzeeni. Wewe mwenyewe ulisema Mama mdogo bado anakucheka ukimwambia “akuretee” chai. Basi mimi chuoni nikajitia ujuzi. Kila nilipoiona r niliishtukia, nikaigeuza l, hata pale ambapo r ilikuwa imekaa kwa haki yake. Siku hiyo Ndugu Alfonce, mkufunzi wetu, alinipa gazeti nisome mbele ya darasa. Habari yenyewe ilihusu uchaguzi. Nikasoma kwa sauti ya juu, kwa heshima zote, kwamba ni wajibu wa kila mwananchi kujitokeza kupiga kula.

Baba mdogo, walicheka! Walicheka mpaka darasa la jirani wakaja kuchungulia dirishani. Kuna mwenzetu mmoja anaitwa Clementi, mcheshi asiyejua pa kukomea. Mchana kengele ya chakula ilipolia, akasimama mlangoni mwa bwalo na kupaza sauti, “Ndugu wananchi, twendeni tukapige kula!” Tangu siku hiyo jina langu likawa Piga Kula. Walikuwa wananiita hivyo kisimani, wananiita hivyo shambani. Hata mpishi aliniita hivyo, na nadhani yeye alifikiri ndilo jina langu la ubatizo.

Niliumia sana. Nikaacha kunyoosha mkono darasani, nikawa nachelewa bwaloni makusudi ili nisikutane na watu. Nilijiuliza, mwalimu gani wa Kiswahili huyu, ambaye wanafunzi watakuwa wanamrekebisha yeye? Katika Maarifa ya Nyumbani ningeshona na kupika, na sindano haijali matamshi. Nikaenda kwa Ndugu Alfonce kumwambia nataka kutoka. Hakunibembeleza wala hakunifukuza. Alisema nisubiri mazoezi ya kufundisha yaishe, atakuja kunikagua mara moja, na baada ya hapo nikitaka kutoka atanitolea mwenyewe jina langu.

Ndipo jibu lako likafika. Nilitegemea utasema nivumilie, au utasema niache. Wewe ukaandika tu kwamba nikitoka, nitoke kwa sababu ya somo, nisitoke kwa sababu ya kicheko. Nilikasirika kidogo, nikuambie kweli, kwa kuwa nilitaka uniamulie. Lakini maneno hayo niliondoka nayo kwenda kwenye mazoezi Bugwema, na yalikuwa yananisumbua njia nzima.

Bugwema nilipangiwa kisomo cha watu wazima. Tulikutana mchana watu wakitoka shamba, ndani ya ghala la pamba la ushirika, wanafunzi wamekaa juu ya magunia. Wengi ni watu wa umri wa Mama na zaidi. Siku ya kwanza niliwaambia watoe “karamu” zao waandike, badala ya kalamu. Nikajikunja kungoja kicheko. Hakuna aliyecheka. Wote wakatoa kalamu kimya, kwa utii kabisa. Baba mdogo, hapo niliogopa kuliko nilivyoogopa chuoni. Niliona kwamba hawa hawatanicheka, watanifuata, nami nitalipanda kosa langu katika ghala zima.

Kesho yake nikawaeleza wazi. Niliandika l na r ubaoni, nikasema mwalimu wenu hizi mbili zinamshinda, basi tufanye mapatano. Atakayenisikia au kuniona nimekosea, anyooshe mkono, na akinikamata kweli, chaki inakuwa yake, anakuja ubaoni kuandika neno hilo vizuri. Hujawahi kuona wazee wakikodoa macho namna ile. Kila mtu alitaka kushika chaki. Na ili kunikamata mimi, iliwabidi kila mmoja alitamke neno mwenyewe polepole, mara mbili, mara tatu, huku anamsikiliza jirani yake. Tulikosea pamoja na kubishana pamoja, na wiki zilivyokwenda nikaona wanasoma.

Siku Ndugu Alfonce alipokuja kukagua, nilipoteza ujasiri. Nikaona atasema mwalimu amekuwa kichekesho. Nikaamua siku hiyo mapatano yetu yapumzike, nifundishe kwa kunyooka kama kitabu kinavyotaka, halafu jioni nimwambie atoe jina langu. Nikageukia ubao na kuandika, kwa mwandiko mzuri kabisa: Mwalimu ana karamu.

Mikono ikapanda ghala zima. Nikajifanya sioni. Mzee Mwikwabe, mkulima wa pamba mwenye ndevu nyeupe, akashindwa kujizuia, akasimama. “Mwarimu, kama una karamu, mbona sisi hatujaarikwa?”

Wengine wakamjia juu. Wakasema mwalimu amekosea, alitaka kusema kalamu. Wengine wakasema hapana, hajakosea, mtu anawezaga kuwa na karamu, labda anaolewa na anatuficha. Wakabishana, karamu, kalamu, karamu, kalamu, wanavutana ulimi, mpaka mama mmoja akasema, “Kumbe herufi moja tu inatunyimaga ubwabwa!” Ghala likalipuka. Nami nikacheka, nilikuwa sina la kufanya. Nikachora kalamu upande mmoja na sufuria upande wa pili, tukaandika maneno yote mawili, na somo likaendelea lenyewe. Nilipogeuka, Ndugu Alfonce alikuwa amevua miwani na anafuta machozi kwa leso.

Tulipotoka nje sikuthubutu kumuuliza. Yeye ndiye aliyeanza. Alisema, “Matamshi nimekupa alama ndogo, usininunie. Lakini jina lako sitalitoa, labda waje wale wa kwenye magunia waniombe.” Alisema hivyo tu, akapanda baiskeli yake.

Kwa hiyo sikujiondoa, Baba mdogo. Nimebaki, na sibaki kwa kujikaza. Nabaki kwa kuwa nalipenda somo hili, kama ulivyotaka nijipime. Jina la Piga Kula bado lipo, sasa naliitikia. Clementi mwenyewe alinifuata wiki iliyopita, bila mzaha, kuniuliza yale mapatano ya chaki yanakwendaje, maana darasa lake kule Bunda linasinzia. Nilimweleza, ila nilimchelewesha kwanza.

Nataka nikushukuru. Nakushukuru kwa barua zote zile za mlangoni, na kwa jibu ambalo halikuniamulia. Nakushukuru pia kwa siku ile ulipogombana na babu ili nisitolewe shule, jambo ambalo wewe hujawahi kulitaja na mimi nimelijua mwaka huu kwa Mama. Nimelia nilipolisikia. Sina kitu cha kukutumia cha kulingana nalo, isipokuwa kilo chache za dagaa ambazo Silasi atampa yule kijana wa reli. Mama mdogo awaoshe vizuri, wana mchanga.

Nilifikiri nitafunga bahasha hapa, lakini Mama ameomba aisome kwanza. Yumo kwenye kisomo cha kijiji tangu Januari na hakuna karatasi inayompita. Ameisoma akiwa anachambua mtama, polepole, midomo ikicheza, nami nikimtazama kwa pembeni. Alifika pale juu karibu na mwanzo, akasimama, akarudi nyuma, akasema, “Wankyo, hii balabala ndo nini? Mimi nimezoeaga barabara.”

Nimetazama. Ni kweli nimeandika balabala, na wewe umeshaiona. Nilitaka kuifuta, amenikataza. Amesema nimekamatwa, na kama Bugwema aliyekamata anapewa chaki, basi hapa nyumbani apewe kalamu. Mapatano ni mapatano. Namaliza ili nimpe.

Nisalimie Mama mdogo, na watoto, na bosi wako kama hasira zimepungua. Huku wanakusalimu Silasi, babu Enoka ambaye sasa anajisifu kwamba ndiye aliyenisomesha, na shangazi Ghati. Mungu akiponye kifua chako, akupe kazi njema na safari ya kurudi kwetu.

Wako akupendaye, mwanao mwenye ulimi mbishi,
Wankyo

Shemeji Makongoro ni mimi Bhoke. Naandika mwenyewe. Hakuna mtu ameshika mkono wangu. Pole kifua. Sarimia mke wako khanga ni nzuri. Kigoda chako kipo. Njoo.