Haya, Asante

Matisi, Kitale
Machi

Mpendwa Sista Nabwile, mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi kutoka huku duniani. Najua huko ndani wanakuita jina lingine, lakini hilo si mimi wala Mama aliyekupa, kwa hivyo nivumilie. Mgongo wako je? Natumaini baridi ya kanisa lenu imepungua na Mama Mkuu amekukubalia lile blanketi la pili. Mimi niko sawa. Mashine ya kukausha mahindi inanguruma tangu alfajiri, watoto wako shule, na mvua ya kwanza imeshatuletea matope. Ni habari za nyumbani Tongaren zinazoninyima utulivu. Kwa vile monasteri yenu haina simu ya kuongea, utasoma tu mpaka mwisho.

Mama anaumwa. Lile tumbo alilokuwa akilinywea magadi si gesi. Nilimpeleka hospitali hapa Kitale, wakampiga picha, na daktari akaniita kando akasema ni saratani ya ini na imeenda mbali. Nilimuuliza mbali ni kiasi gani, maana mimi sipendi maneno yasiyopimika. Akasema miezi, tena si mingi. Kwa gari Mama aliniuliza wameona nini, nikamwambia ni vidonda vya tumbo. Usinikaripie bado.

Nilimpigia ndugu yetu Wakoli huko Nairobi. Nilidhani tutapanga pamoja, kumbe nimemwamsha mwanafalsafa. Akasema anakuja, na yeye mwenyewe atamwambia Mama ukweli, kwa sababu ukimdanganya mtu umemfungia nje ya nyumba yake mwenyewe. Ni maneno ya kitabu chake. Nasikia mnasomewa hicho mezani mkiwa mnakula kimya, basi unayajua kuliko mimi.

Lakini nikuambie nisichowahi kukuambia kuhusu kitabu hicho. Mimi niliacha shule Kidato cha Pili ili yeye aendelee, na sikulalamika. Alipotoka seminari akamuoa Chepkemei, nilimtetea kwa wazee. Aliposomea falsafa Ubelgiji, mimi nilikuwa sokoni napima mahindi kwa gorogoro, na sasa nina stoo yangu. Kila mtu na kazi yake. Kinachoniuma ni ile sura ya tatu, ya “dada yangu mmoja, mfanyabiashara wa nafaka.”

Unajua kwetu mtu akifa hatuambiani kwa simu. Tunasema amezidiwa, njoo nyumbani. Anayeambiwa anajua, na bado hajajua. Anapata safari ya kusafiri na lile neno polepole, na akifika anakuta akina mama wameshajaa uani, wamdake. Baba alipokufa, Wakoli ndiye alikuwa naye wodini. Akanipigia nikiwa kwenye mizani, madereva wananitazama, akasema, “Dada, Baba amekufa.” Basi. Nikaendesha pikapu mpaka Tongaren nikilia peke yangu, nikafika kabla ya jirani hata mmoja.

Sasa alipokuja wiki jana, parokia moja ya Bungoma ilikuwa imemwalika azungumzie kitabu. Tukakubaliana nimchukue huko, kisha tupitie Kimilili twende kwa Mama. Nikaingia ukumbini na viatu vyangu vya stoo, nikakaa nyuma. Mapadre, walimu, makatekista, wamejaa. Alizungumza vizuri, siwezi kumnyima hilo. Alisema kunyamaza kunaruhusiwa, lakini uongo hata wa huruma hauruhusiwi, kwa kuwa ukweli ndio heshima ya mwisho unayoweza kumpa mtu. Halafu akafika kwangu. Ati dada yake alipoambiwa wazi alimshukuru.

Nabwile, nilisimama. Nikasema, “Profesa, mimi ndiye huyo dada, na sikukushukuru!” Watu wakacheka. Padre mwenyekiti akaniomba nifupishe swali, nikamwambia si swali, ni malalamiko. Wakoli akavua miwani. Akasema kwa upole kwamba anakumbuka neno kwa neno: nilisema, “Haya, asante.”

Na ni kweli nilisema. Lakini bana, si hivyo ndivyo ninavyokata simu na kila mtu? Hata anayeniletea magunia yaliyotoboka namwambia haya, asante! Nilimwambia hivyo mbele ya wote: umejenga sura nzima juu ya namna yangu ya kukata simu. Katekista mmoja mzee, Wangila, alicheka mpaka akashika kiti cha mbele.

Garini tulipita Kimilili. Hapo akaniambia kwamba siku ile wodini hakuwa amefikiria ukweli wala heshima. Alikuwa peke yake na Baba, akaogopa, akataka mtu mmoja zaidi ajue. Hoja alizitafuta baadaye, na akaziamini, na bado anaziamini. Nilimuuliza tu kama yuko tayari kwa Mama. Akasema yuko tayari.

Tulimkuta Mama anapukuchua mahindi ya mbegu, amevaa sweta mbili. Tulikunywa chai. Mama akamtazama Wakoli akasema, “Wilkista anasema ni vidonda. Wewe umesoma. Ni kweli?” Nikafunga macho. Nikasikia ndugu yetu, sauti ndogo kama ya mtoto aliyevunja kikombe, anasema ni kweli, Mama, ni vidonda.

Nilipaswa kufurahi. Nilikuwa nimeshinda, siyo? Lakini Mama akanigeukia mimi. Akasema basi kama ni vidonda, mwenye trekta anangoja jibu kesho. Je, alime eka zote tatu za mahindi kama kawaida, au niseme mimi ni ngapi, maana mimi ndiye ninayejua hesabu. Mahindi yetu unayajua. Ukiyapanda sasa, unayavuna karibu na Krismasi. Mdogo wangu, kwa ugonjwa niliweza kumdanganya. Kwa shamba sikuweza. Nilifungua mdomo niseme eka tatu, na neno likakataa.

Mimi ndiye nilimwambia. Nilisema, “Mama, usipande mahindi. Ni saratani.” Bila safari, bila akina mama uani, vilevile alivyonifanyia Wakoli. Sasa silali. Sijui kama nilimheshimu au nilimwangusha, na wa kuniambia hayupo, kwa sababu profesa mwenyewe alitoka akaenda kulilia nyuma ya ghala.

Mama hakulia. Aliendelea kupukuchua gunzi lililokuwa mkononi mpaka likabaki tupu. Kisha akaniuliza kama stoo yangu ina mbegu ya maharagwe, yale ya kukomaa haraka, kwa sababu yale atayala.

Nitayapeleka kesho. Muombe Mama Mkuu ruhusa uje, hata siku moja, na usimwambie ni vidonda. Wakoli amekaa huko kwa Mama na anakusalimu. Hajagusa kalamu tangu siku ile. Watoto wanakusalimu pia. Tuombee, hasa mimi.

Ni mimi dada yako,
Wilkista